Nani Amemtahini Mwendeshaji wa Kinu cha Nyuklia?

Katika mkutano mmoja wa hadhara tuliofanya hapa Mombasa kuhusu nishati ya nyuklia, baada ya maswali mengi juu ya taka, samaki na maji ya bahari, alisimama mama mmoja mtu mzima ambaye tangu mwanzo hakuwa amesema neno. Akauliza: "Mwanangu, huyo atakayekishika hicho kinu usiku, sisi tumelala, ametahiniwa na nani? Na akishapita, ndiyo basi?" Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, lakini swali lake lilistahili jibu refu, na makala haya ndiyo jibu lenyewe.

Kenya bado haina kinu cha kuzalisha umeme wa nyuklia. Uyombo, katika kaunti ya Kilifi, ilitajwa kuwa eneo linalofikiriwa, wenyeji wengi wakapinga waziwazi, kisha macho yakageukia Siaya kando ya Ziwa Victoria. Popote kitakapojengwa, na hata kisipojengwa kabisa, watu wa Pwani wana haki ya kujua jinsi kazi hii inavyopimwa katika nchi zilizoifanya kwa miongo mingi. Nitategemea zaidi mfano wa Marekani, kwa sababu kanuni zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma, na kwa sababu sehemu kubwa ya kanuni hizo ilizaliwa na ajali.

Msingi wa leseni hii si mgeni kwa mtu wa Mombasa. Kabla neno rubani halijapanda ndege lilikuwa la baharini, na mpaka leo meli kubwa haiingii Kilindini bila rubani wa bandari kupanda, hata kama nahodha wake ameizunguka dunia nzima. Leseni ya kinu ina tabia hiyo hiyo. Hutolewa kwa mtu mmoja, kwa kituo kimoja kilichotajwa, na akihamia kituo kingine hana ruhusa ya kugusa vidhibiti vya huko mpaka apewe leseni ya huko.

Zipo leseni mbili. Ya kwanza ni ya mwendeshaji, anayeshika vidhibiti kwa mkono wake. Ya pili ni ya mwendeshaji mwandamizi, anayeongoza zamu na kutoa amri. Mtihani wa kuandika wa mwendeshaji una maswali 75 ya kuchagua jibu, na mwandamizi huongezewa mengine 25 yanayohusu maamuzi ya ngazi yake. Alama ya kupita ni asilimia 80, yaani mwendeshaji hana budi kujibu sawasawa angalau maswali 60. Mwandamizi hutakiwa kufikisha asilimia 80 kwa jumla na, pamoja na hayo, asishuke chini ya asilimia 70 katika yale 25 ya peke yake. Sharti hilo la mwisho laweza kuonekana dogo, lakini linazuia jambo zito: mtu kuficha udhaifu wake nyuma ya wastani.

Ili kuelewa uzito wa wastani, inatupasa kurudi Machi 28, 1979, kwenye kituo cha Three Mile Island katika jimbo la Pennsylvania. Yapata saa kumi alfajiri pampu za kulisha maji zilisimama, kinu kikajizima chenyewe ndani ya sekunde chache, na vali ya kupunguza shinikizo ikafunguka kama ilivyotakiwa. Ilipopaswa kufunga, ikakwama wazi. Kwenye meza ya udhibiti kulikuwa na taa ambayo ilizimika, na waendeshaji wakaamini kwamba vali imefunga. Kumbe taa ile ilionyesha tu kuwa amri ya kufunga imetumwa, haikuonyesha kuwa vali imetii. Maji ya kupoza kinu yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili. Wakati huo huo kipimo cha tangi la kudhibiti shinikizo kilipanda, kwa sababu mvuke uliojikusanya ndani ya mfumo ulikuwa ukiyasukuma maji kuelekea huko, na kwa vile waendeshaji walikuwa wamefundishwa kwa msisitizo mkubwa wasiache tangi hilo lijae pomoni, wakapunguza maji ya dharura ambayo mitambo ilikuwa imeanza kuyaingiza yenyewe. Kengele zaidi ya mia zilikuwa zikilia. Karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Watu wale hawakuwa wazembe, na wote walikuwa na leseni. Hilo ndilo linalopaswa kutushughulisha. Tume iliyoundwa na Rais Jimmy Carter, chini ya mwanahisabati John Kemeny, ilitoa ripoti yake Oktoba mwaka huo huo, na miongoni mwa mambo iliyoyaeleza ni kwamba mtahiniwa aliweza kushindwa sehemu nzima za mtihani, zikiwemo zile za taratibu za dharura, na bado akapita kwa kuwa wastani wake ulitosha. Tume ilieleza pia kwamba simuleta waliyofundishiwa, yaani mtambo unaoiga chumba cha udhibiti, haikuwa na uwezo wa kuonyesha hali kama ile iliyowakuta. Isitoshe, Septemba 1977 vali ya aina hiyo ilikuwa imekwama katika kituo cha Davis-Besse, Ohio, na waendeshaji wa huko nao wakapunguza maji ya dharura, lakini funzo hilo halikuwafikia wenzao wa Pennsylvania. Mtihani ulikuwa umewapima juu ya mambo waliyofundishwa, na walichofundishwa hakikutosha.

Kwa hiyo baada ya 1979 uzito ulihamia kwenye vitendo. Kanuni za Marekani zilizofanyiwa marekebisho mwaka 1987 zilifanya simuleta inayofuata kituo chenyewe kuwa sehemu ya mtihani: meza zile zile, swichi zile zile mahali pale pale, sauti zile zile za kengele. Watahiniwa huingia wakiwa kikosi, kama zamu ya kweli. Mtahini huanza kwa hali ya kawaida, kisha huharibu kitu kimoja, pengine kipimo kinachoanza kudanganya taratibu, kisha cha pili, halafu ajali yenyewe. Sikiliza wanavyozungumza wakati huo. Mwandamizi anaamuru: "Punguza mtiririko wa maji kwenye jenereta ya mvuke namba mbili." Mwendeshaji anarudia neno kwa neno: "Napunguza mtiririko wa maji kwenye jenereta ya mvuke namba mbili." Mwandamizi anajibu: "Sahihi." Hapo tu ndipo mkono unaposogea. Asiyezoea ataona wanapoteza muda, lakini marudio hayo huchukua sekunde chache na huzuia mtu kugusa namba tatu pahali pa namba mbili.

Sehemu nyingine hufanyika kwa kutembea ndani ya kituo. Mtahini humpa mtahiniwa kazi, kwa mfano kuwasha jenereta ya dizeli ya dharura kwa mkono, naye humpeleka hadi kwenye mtambo wenyewe, akanyoosha kidole kwenye swichi bila kuigusa na kueleza angefanya nini, angeona nini, na kama asingekiona angefanya nini badala yake. Kwa maoni yangu swali hilo la mwisho lina thamani kuliko maswali kumi ya kuchagua jibu, kwa kuwa ndilo ambalo taa ya Three Mile Island iliuliza na halikupata jibu kwa wakati.

Nani basi anayetahini? Huko Marekani karatasi yaweza kutungwa na kampuni yenye kituo, lakini tume ya udhibiti, NRC, huipitia na kuiidhinisha, na watahini wa NRC ndio wanaosimamia mtihani wa vitendo kwa mtu anayeomba leseni. Kila aliyeuona mtihani hutia sahihi ya kiapo cha siri, na tangu siku hiyo haruhusiwi kuwafundisha watahiniwa hao mpaka wamalize. Sisi tulioona makontena ya mitihani ya kidato cha nne yakilindwa na polisi tunajua kwa nini tahadhari hiyo ni ya lazima.

Si nchi zote zinazofuata njia hii. Ufaransa na Uingereza huiachia kampuni yenye kituo jukumu la kuthibitisha waendeshaji wake, na mdhibiti hukagua mfumo wa mafunzo na wa uthibitisho badala ya kumtahini kila mtu. Kanada na Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako kituo cha Barakah kilianza kutoa umeme mwaka 2020, zimechagua mdhibiti ndiye amthibitishe mwendeshaji. Naamini nchi inayoanza inafaa ifuate njia hii ya pili, kwa sababu imani ya wananchi haijajengeka, na kampuni inayosubiri kuuza umeme haiwezi kuwa hakimu wa pekee wa watu wake. Hapa Kenya msingi upo: sheria za mwaka 2019 zilitenganisha wakala wa kuendeleza nishati ya nyuklia na mamlaka ya kuidhibiti. Siku mtakapoalikwa kutoa maoni juu ya kanuni za waendeshaji, ulizeni karatasi itatungwa na nani, itasahihishwa na nani, na aliyeanguka atarudi baada ya masharti gani.

Nabakiwa na swali la pili la mama yule, kwamba akishapita, ndiyo basi. Hapana. Leseni ya Marekani hudumu miaka 6, na ndani yake mafunzo ya kujikumbusha huendelea kwa mzunguko usiozidi miezi 24, ukiwa na mtihani kamili wa kuandika, na mtihani wa vitendo kila mwaka. Daktari humpima kila baada ya miaka 2. Hata aliyepita yote hayo, leseni yake haihesabiwi kuwa hai mpaka awe amefanya kazi katika kila robo ya mwaka angalau zamu 7 za saa 8 au zamu 5 za saa 12. Akikosa, labda kwa kuwa alipandishwa cheo akakaa ofisini, au alilazwa, itambidi kwanza afanye saa 40 akiwa chini ya uangalizi wa mwenye leseni hai, akakizunguka kituo pamoja naye na kukabidhiana zamu naye kama mwanafunzi, hata kama yeye ndiye aliyemfundisha.