Kengele iliyolia "pi" moja ikanyamaza

Nilikuwa natengeneza kidhibiti cha feni ya kabati la umeme, chipu ya joto ikiwa LM75. Kikomo nikakiweka nyuzi 50, nikaazima draya ya saluni ya jirani, nikaanza kuipuliza. Ilipopita 50 baza ikalia "pi" moja, kimya. Joto bado linapanda, 55, 58, baza imelala.

Chipu haikuwa mbovu. LM75 ina rejista (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya chipu) mbili za mipaka: TOS ya juu na THYST ya chini. Usipoigusa, huamka na 80 na 75. Kila ikimaliza kupima, hulinganisha kipimo na mipaka hiyo, basi, halafu hutoa habari kwa pini ya OS, yaani pini ya kengele. Pini hiyo inajua kuvuta waya chini tu, na waya ukishuka ndiyo kengele; kuupandisha ni kazi ya rezista utakayoweka wewe.

Katika modi ya kulinganisha, joto likivuka TOS pini hushuka na kubaki chini hadi joto literemke kupita THYST. Bila lile pengo la nyuzi 5, feni ingewaka na kuzima mfululizo joto likichezacheza kwenye 80. Modi ya interapti ni nyingine kabisa: ukisoma rejista yoyote, pini huachia, na haitashuka tena mpaka joto lipite chini ya THYST. Nami nilikuwa nimeiweka kwenye modi hii, na programu yangu ilisoma joto kila sekunde ili kulionyesha kwenye skrini. Kumbe kengele nilikuwa naizima mwenyewe!

Unaweza pia kuiambia isilalamike mpaka vipimo 2, 4 au 6 mfululizo vivuke kikomo. Hiyo inachuja kelele za umeme. Mlango wa friji ulioachwa wazi kidogo haiuchuji, maana vipimo 6 vinaisha kabla ya sekunde moja.

Kwenye friji za chanjo, zinazotakiwa kukaa kati ya 2 na 8, natumia chipu nyingine ya joto, DS18B20. Hii haina pini ya kengele. Unatuma amri ECh (h ni alama ya namba ya heksadesimali) kwenye waya wenye chipu kadhaa, na zinaitika zile tu ambazo kipimo chao cha mwisho kilivuka mpaka. Cha mwisho, usisahau. Friji ikipanda hadi 12 usiku, asubuhi ikapimwa iko 5, chipu itakuambia kwetu shwari. Kwa hiyo kila kipimo nakiandika kwenye kadi ya kumbukumbu.

Mtego wenyewe uko kwenye TL, mpaka wa chini wa chipu hii. Mpaka huu ni namba nzima, na chipu hukata desimali kabla ya kulinganisha, kisha huhesabu "sawa na au chini ya". Ukiweka 2, friji yenye 2.9 itapiga kelele bure, kwa sababu 2.9 imeshakuwa 2. Upande wa juu hakuna shida: TH (mpaka wa juu) ya 8 hulia kuanzia 8.0 kamili. Ndiyo maana friji zangu zote zina TH 8 na TL 1.