Manowari ya deraya ni nini? Tuitazame La Gloire

Ukisikia "manowari ya deraya" ni rahisi kuwaza meli ya chuma kitupu. Sivyo. Deraya ni vazi la vita, na vazi huvaliwa juu ya mwili. Mwili wa La Gloire ya Ufaransa, manowari ya kwanza ya deraya iliyoundwa kwa bahari kuu, ulikuwa wa mbao.

Ilivikwa chuma kwa kuhofia moto. Novemba 1853, huko Sinop, bandari ya Uturuki, Warusi walirusha makombora yenye baruti ndani na kuziteketeza meli za mbao za Waturuki. Mwaka 1855 Wafaransa wakapeleka kwenye ngome ya Warusi ya Kinburn matishari matatu ya mizinga yaliyofunikwa mabamba ya chuma. Risasi za Warusi ziligonga na kudunda.

Mhandisi Henri Dupuy de Lôme akaamua kuivisha hivyo meli kamili, yenye injini ya mvuke na matanga. Ilishushwa majini Toulon, Novemba 1859. Tuukate ubavu wake tuone: ndani kuna mbao zenye unene wa sentimita 43, karibu dhiraa nzima, nje bamba la chuma la sentimita 12, kuzidi upana wa kiganja. Katika majaribio, mizinga mikubwa ya siku hizo ililipiga bamba hilo kutoka mita 20 tu, lisitoboke. Lakini deraya ni mzigo. Ndiyo maana mizinga yake 36 ilikaa karibu yote kwenye sitaha moja, wakati manowari kubwa za zamani ziliipanga ghorofa mbili au tatu.

Kwangu mimi, kisa chenyewe kimo ndani ya zile mbao. Normandie, meli dada yake, yaani ya muundo uleule, ilivuka Atlantiki mwaka 1862 kwenda Mexico, ya kwanza ya deraya kufanya hivyo. Hata hivyo, yeye na dada mwingine, Invincible, walijengwa kwa mbao ambazo hazijakauka vizuri, zikaoza. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 wote wawili walikuwa wameshaondolewa kazini, na si kwa mzinga wa adui. La Gloire ilidumu zaidi: ilifutwa kwenye orodha ya jeshi mwaka 1879, ikavunjwa 1883.

Waingereza waliijibu kwa Warrior, iliyoshushwa majini Desemba 1860. Hiyo mwili wake wote ulikuwa wa chuma, na hadi leo inaelea bandarini Portsmouth.