Wikipedia haikosi walinzi

Wanafunzi wengi hapa Dodoma, kuanzia sekondari hadi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wameambiwa miaka nenda miaka rudi: usiguse Wikipedia, kila mtu anaandika anachotaka. Kauli hiyo ni kweli nusu tu. Kuandika ni rahisi. Kazi ni ulichoandika kibaki. Kila badiliko huhifadhiwa kwenye historia ya ukurasa, tarehe na saa, na msomaji mwingine anaweza kulitengua papo hapo. Mwaka 2005 jarida la sayansi la Nature lilichapisha tathmini za wataalamu waliolinganisha makala za mada 42 za sayansi, za Wikipedia na za ensaiklopidia ya Britannica: Wikipedia ilikutwa na wastani wa makosa 4 hivi kwa makala, Britannica 3. Britannica walipinga, lakini pengo halikuwa lile tulilohubiriwa.

Hatari ya kweli iko kwenye kurasa zisizosomwa sana. Fungua ukurasa wa kata fulani ya wilaya ya Bahi au Kongwa, hapa mkoani Dodoma: mistari michache, idadi ya wakazi, basi. Hapo kosa laweza kukaa miaka. Kwa hiyo shuka hadi kwenye tanbihi, fuata takwimu mpaka kwenye ripoti ya sensa ya 2022, kisha unukuu ripoti hiyo. Quora, tovuti ya maswali na majibu, ni habari nyingine: jibu hupandishwa na kura za wasomaji, na kura haiulizi chanzo.