Je, wajua? Picha isiyochezewa hata kidogo inaweza kuwa ya uongo

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya Tanga huondoka mbali. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, na eneo kubwa la mchanga, matope na nyasi za bahari hubaki wazi. Ngalawa hulala ubavu. Watu hutembea kwa miguu mahali ambapo alfajiri palikuwa na maji ya kifua, wakiokota kome na kutafuta pweza kwenye mawe. Mkazi wa Raskazone au Mwambani haoni ajabu. Ukimuuliza atakwambia tu kwamba maji yamekupwa.

Sasa chukulia mtu amepiga picha ya hali hiyo na kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na maneno haya: "Tanga sasa hivi. Bahari imerudi nyuma. Tsunami inakuja, wapigieni ndugu zenu." Jamaa aliyeko Dodoma au Mwanza, ambaye hajawahi kuona bamvua, atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilifika hadi pwani yetu na kuua watu wasiopungua 10 hapa Tanzania. Kurudi nyuma kwa bahari ni dalili ya kweli ya tsunami, na wengi wanaijua tangu mwaka ule.

Swali la watu wengi hapo huwa: picha hii imetengenezwa? Wanaikuza, wanatafuta mahali palipokatwa na kubandikwa, wanaangalia kama mwanga unalingana. Hawaoni kitu, maana hakuna kitu cha kuona. Picha ni halisi, imepigwa Tanga kweli, na hakuna mkono ulioigusa. Basi wanahitimisha kwamba ni ya kweli na wanaisukuma mbele.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa lililoenea mno kiasi kwamba linastahili kukaliwa kitako. Picha peke yake haisemi kweli wala uongo. Inaonyesha matope, ngalawa na anga, basi. Kinachoweza kuwa kweli au uongo ni madai yaliyoambatana nayo: hapa ni wapi, lini, nini kinatokea, na kwa sababu gani. Mtu anayechunguza kama picha imehaririwa anajibu swali moja dogo, kisha anadhani amejibu yote manne.

Kwa mdanganyifu, kuhariri picha ni kazi ya bure. Kunahitaji ujuzi na muda, na kunaacha alama. Kuchukua picha halisi ya ajali ya nchi nyingine na kuandika juu yake "Segera, leo asubuhi", yaani njia panda ya kuja Tanga, hakuhitaji chochote zaidi ya kidole gumba. Watafiti wa Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford walipochambua habari 225 za uongo kuhusu Uviko-19 mwanzoni mwa mwaka 2020, asilimia 59 zilikuwa na kitu cha kweli kilichopindishwa au kuhamishwa kutoka mahali pake, na asilimia 38 zilikuwa zimebuniwa kabisa. Utafiti huo ulihusu habari za Kiingereza, ugonjwa mmoja na miezi michache tu, kwa hiyo hauwezi kubebwa mzima mzima na kuwekwa juu ya makundi yetu. Lakini yeyote anayefuatilia picha zinazosambaa hapa ataitambua hali hiyo.

Mazoea ya kutafuta uhariri yana hasara nyingine: yanatufanya tukatae picha za kweli kwa sababu tu ni za ajabu. Mwaka 2005 jarida la Africa Geographic lilichapisha picha ya mpiga picha Thomas Peschak inayoonyesha papa mkubwa mweupe akimfuata kwa nyuma mtu aliye kwenye kayaki, katika maji ya Afrika Kusini. Watu wengi walidai ni ya kubandika, kumbe ni picha halisi. Kisha papa yuleyule akakatwa kutoka kwenye picha hiyo na kuwekwa kwenye barabara iliyofurika maji, akaanza safari yake: mwaka 2011 alidaiwa kuonekana Puerto Rico baada ya Kimbunga Irene, na mwaka 2017 alidaiwa kuogelea kwenye barabara ya Houston, Marekani, wakati wa Kimbunga Harvey. Picha ya kweli ilitiliwa shaka, ya uongo ikaaminiwa, na papa ni mmoja.

Kilichomfichua ni ile picha mama kupatikana. Kazi hiyo leo inafanywa na simu yoyote yenye bando, kwa Google Lens, TinEye au Yandex: unaipa programu picha, nayo inakutafutia mahali pengine picha hiyo ilipowahi kuonekana. Wengi wanaitumia bila kujua inafanyaje kazi, na kwa hiyo wanaiamini mahali isipostahili.

Mfikirie muuza kanga wa Ngamiani aliyekaa miaka mingi dukani. Mletee kanga iliyofuliwa hadi ikapauka, imekunjwa, imechanika pembeni. Ataitazama pindo na mji, yaani mchoro wa katikati, na atakwambia aliwahi kuiuza. Hakuhitaji rangi iwe kama ilivyokuwa, wala kitambaa kiwe kizima. Alichokishika kichwani ni mpangilio: wapi pameiva, wapi pameng'aa, ua limekaa wapi. Tena hakulazimika kusoma jina, yale maneno yaliyoandikwa chini. Mji uleule unaweza kuchapwa tena ukiwa na jina jingine kabisa, na yeye bado ataujua.

Kompyuta hufanya jambo linalofanana na hilo. Njia mojawapo iliyo rahisi kueleweka ni hii. Programu inaondoa rangi zote na kuifinya picha hadi inabaki na vimraba 9 kwa upana na 8 kwa urefu. Kisha katika kila mstari inauliza kila kimraba: je, una mwanga zaidi ya jirani yako wa kulia? Majibu ni ndiyo au hapana, 8 kwa kila mstari, jumla 64. Majibu hayo 64 ndiyo yanayohifadhiwa badala ya picha yenyewe. Turudi kwenye picha yetu ya maji kupwa. WhatsApp inaibana, mtu anaipiga tena kutoka kwenye skrini, mwingine anaongeza mwangaza. Nukta nyingi zimebadilika, lakini ubavu wa ngalawa bado ni mweusi kuliko mchanga uliolowa pembeni yake, kwa hiyo majibu yanabaki karibu yaleyale. Picha mbili zikitofautiana kwa majibu mawili matatu, ni picha moja. Zikitofautiana kwa 30 na kitu, hazina uhusiano. Injini kubwa za utafutaji hutumia hesabu nzito zaidi, zinazotambua hata vipande vya picha, lakini msingi ni huo: zinalinganisha mpangilio, si maneno.

Ukielewa hivyo, mipaka yake inaonekana yenyewe. Picha ikigeuzwa kushoto kuwa kulia, majibu yote yanavurugika, na wadanganyifu wanalijua hilo. Ukikosa matokeo, igeuze mwenyewe kisha ujaribu tena. Ikikatwa sana, vimraba vinahama. Muhimu zaidi, muuza kanga hawezi kukumbuka kanga ambayo haijawahi kupita dukani kwake. Injini hizi zinaona kurasa zilizo wazi tu. Picha inayozunguka ndani ya makundi ya WhatsApp haimo humo, hata kama imefika kwenye simu za nusu ya mkoa.

Kwa hiyo matokeo yana nguvu upande mmoja tu. Ukiikuta picha ya "Segera, leo asubuhi" kwenye ukurasa wa mwaka 2016, madai yamekufa papo hapo, huhitaji kitu kingine. Usipoikuta popote, hujathibitisha chochote. Huenda ni ya leo kweli, huenda ni ya zamani lakini haikuwekwa mtandaoni. Na hata tarehe ya zamani kuliko zote uliyoipata ni siku programu ilipoiona picha hiyo, au siku mtu alipoiweka, wala si lazima iwe siku iliyopigwa. Ile taarifa ya tarehe na mahali ambayo kamera huiandika ndani ya picha nayo haisaidii sana huku kwetu, maana WhatsApp huifuta picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Inabaki pale tu mtu anapoituma kama faili.

Utafutaji ukigonga mwamba, rudi kwenye picha yenyewe, safari hii ukitafuta mahali na wakati. Picha za ajali ndizo zinazonigusa zaidi hapa, kwa sababu kila siku mabasi ya Dar es Salaam hupita Segera, mengine yakikata kuja Tanga na mengine yakiendelea Moshi na Arusha, na katika kila basi kuna mtu ambaye mama yake ana simu. Picha ya miili iliyofunikwa kanga kando ya lami ikimfikia mama huyo ikiwa na jina la barabara ambayo mwanawe yuko njiani, huwezi kuja kuirudisha baadaye kwa kusema samahani.

Tazama namba za magari. Za Tanzania kwa kawaida huanza na T, za pikipiki na MC, za Kenya na K, za Uganda na U. Vibao vya magari binafsi hapa kwetu ni vya njano, vya biashara ni vyeupe. Herufi tatu za mwisho hupanda kwa mfuatano, kwa hiyo gari lenye herufi zinazoanza na E halikuwapo barabarani mwaka 2010. Tazama magari yanapita upande gani: Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia, sisi kushoto. Kushoto hakutoshi kuthibitisha, maana hata Afrika Kusini na India ni kushoto, lakini kulia kunatosha kukanusha. Hata kivuli husema. Tanga iko kama digrii 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo mwezi Juni saa sita mchana kivuli cha mtu huangukia kusini, na mwezi Desemba huangukia kaskazini. Ukijua barabara inaelekea wapi, unaweza kukataa mwezi unaodaiwa.

Na kwa ile picha ya bahari, jibu halimo ndani ya picha kabisa. Limo kwenye jedwali la maji, kwenye kalenda ya mwezi, na kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo ndiyo hutoa tahadhari za tsunami nchini. Au kwa mvuvi yeyote wa Tanga atakayepokea simu yako.

Picha zilizoundwa na akili mnemba zimeongeza ugumu, maana hazina picha mama ya kutafutwa. Machi 2023 picha ya Papa Francis akiwa amevaa koti kubwa jeupe ilizunguka dunia nzima kabla haijajulikana kwamba ilitengenezwa kwa Midjourney, programu ya akili mnemba ya kuunda picha. Mei 22 mwaka huohuo picha ya moshi kando ya jengo la Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliyumbisha soko la hisa la nchi hiyo kwa dakika chache. Programu zinazodai kuzitambua picha za namna hii hukosea pande zote mbili, na sishauri mtu kutegemea jibu la programu moja. Lile la Pentagon lilizimwa kwa njia ya zamani: zimamoto wa eneo hilo walisema hakuna mlipuko, na hakukuwa na picha ya pili kutoka upande mwingine. Tukio kubwa mahali penye watu hupigwa na simu nyingi.

Lakini si kila tukio huwa na watu wengi. Kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa Kigombe, kati ya Tanga mjini na Pangani, walianza kunasa kwenye jarife, nyavu za kuvulia papa, samaki mzito wa rangi ya buluu yenye mabaka meupe, mapezi yake yamekaa kama miguu mifupi. Ni silikanti, jamii ambayo wanasayansi waliamini ilitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Picha yake ina kila sifa ya picha ya uongo.

Wa kwanza kujulikana alivuliwa Afrika Kusini mwezi Desemba 1938. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, mji wa nchi hiyo, alimchora na kumpelekea mtaalamu wa samaki, J. L. B. Smith, mchoro huo kwa barua. Smith alimtambua kwenye karatasi, lakini hakutangaza kwa nguvu ya mchoro. Alimjibu kwa simu ya maandishi ahifadhi mifupa na mashavu, kisha akasafiri mwenyewe Februari 1939 kumtazama samaki.

Wale wa Tanga walipitia njia hiyohiyo. Walichukuliwa vipande vya nyama kwa ajili ya vinasaba, mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti katika pwani hiyo, na mwaka 2011 matokeo yalichapishwa: silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi lenye vinasaba vyake, tofauti na wale wa Komoro.