"Neno" la kompyuta ni nini?

Katika kompyuta, neno si la kusoma wala la kutamka. Ni fungu la biti, yaani tarakimu za 0 na 1, ambalo prosesa, kitovu cha hesabu cha kompyuta, hulishughulikia kwa mkupuo mmoja: biti 32 kwenye mashine nyingi za zamani, 64 kwenye nyingi za leo. Anwani za kumbukumbu, yaani namba zinazoonyesha kitu kimehifadhiwa wapi, nazo huenea humo. Ndiyo maana lugha nyingi za programu zina aina ya namba yenye upana wa neno. Katika lugha ya Go inaitwa int, na upana wake hutegemea mashine.

Kwetu Uganda jambo hili linagusa mfuko. Shilingi yetu huhesabiwa kwa mamilioni, na bilioni haiko mbali. Int ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Tuseme mfanyabiashara wa kahawa wa Masaka ameshauza ya shilingi 2,000,000,000, kisha akauza tena ya 500,000,000. Programu yake ya Go, kwenye mashine kuukuu ya biti 32, itaandika jumla ya -1,794,967,296, maana namba ikipita kikomo huzunguka na kuanzia upande wa hasi. Haitalalamika wala haitasimama. Programu hiyohiyo kwenye biti 64 inatoa jumla sahihi, na hapo ndipo ninapoogopa, maana aliyeiandika aliijaribu kwenye kompyuta yake mpya akaridhika. Hesabu za fedha ziandikiwe int64 waziwazi, upana usiobadilika popote.

Lugha ya OCaml ina utaratibu mwingine, nami naupenda sana. Humo kila thamani hukaa katika neno moja: ama ni namba yenyewe, ama ni anwani ya kitu kilichoko kwingine. Sasa mtambo wa lugha unaosafisha kumbukumbu utajuaje kipi ni kipi? Unatazama biti ya mwisho. Ikiwa 1, ni namba; ikiwa 0, ni anwani, kwa kuwa vitu hupangwa kwenye mipaka ya maneno na anwani zake daima huishia na 0. Kwa hiyo 5, ambayo kwa biti ni 101, huongezewa 1 mwishoni na kuhifadhiwa kama 1011.

Biti hiyo moja ina bei. Kwenye mashine ya biti 64 zinabaki 63, nazo ni tele. Kwenye ya biti 32 zinabaki 31, na kikomo kinashuka hadi 1,073,741,823: mfanyabiashara wetu asingefika hata nusu ya mauzo yake. OCaml inayo int64 pia, ila namba hiyo kwa kawaida huwekwa pembeni kwenye kumbukumbu, na neno likabeba anwani yake tu.