Si lazima ujue kila neno
Ukikaa na vijana wanaojiandaa na IELTS, mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na vyuo vingi vya Uingereza na Australia, utawakuta na madaftari ya misamiati. Wanaamini neno moja likikupita umeshafeli. Sivyo. Sehemu ya kusoma ina vifungu 3 virefu, maswali 40 na dakika 60 tu. Anayesimama kwenye kila neno gumu, muda unamwishia kifungu cha tatu hajakigusa.

Chukua sentensi hii: “The climb was arduous, and many porters turned back.” Hujui arduous? Wapagazi wengi wamerudia njiani, basi kupanda kulikuwa kugumu. Inatosha, songa mbele.

Panapoumiza hasa ni maswali ya kweli, si kweli, au haikutajwa. Swali likidai wapagazi walilipwa kidogo, wewe unayewajua wale wa Kilimanjaro utajibu “kweli” mbiombio. Kifungu hakikugusia malipo, kwa hiyo haikutajwa. Hapo daftari halikusaidii, na ujuzi wako ndio unaokuponza. Kwenye mazoezi, kila ukijibu kweli au si kweli, weka kidole kwenye mstari uliokupa jibu. Huuoni? Ulikuwa unabuni.