Picha za mmomonyoko wa udongo: tunayoamini na ukweli wenyewe huko milimani

Mimi niko Mbale, mashariki mwa Uganda, na kazi yangu karibu kila wiki inanipandisha milimani, Bududa, Manafwa, Sironko, saa zingine Kapchorwa, simu mfukoni, napiga picha za mashamba na makinga maji ya vikundi vya wakulima. Kuna mambo nasikia watu wanasema kuhusu hizi picha, mengine na mimi niliyaamini miaka, na nimeona niyaandike maana udongo wetu unaenda na picha tunazopiga hazionyeshi unaendaje.

Kubwa kuliko yote ni hii, ati mmomonyoko ni korongo. Mtu akitumwa akapige picha ya mmomonyoko anatafuta korongo lenye kuta nyekundu ambalo mtu anaweza kusimama ndani, asipolipata anarudi anasema huko hakuna shida. Ukweli ni kwamba kwenye mashamba yetu udongo mwingi unaondoka kama ngozi nyembamba, shamba zima kwa pamoja, hakuna shimo wala mfereji. Piga hesabu mwenyewe: milimita 1 tu ya udongo ikiondoka kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10, yani tani 12 mpaka 13 hivi, tipa la tani 6 linajaa mara mbili na bado kuna udongo umebaki chini. Sasa simama kwenye shamba hilo uinue simu, utaona nini? Utaona mahindi tu.

Kwa hiyo usipige shamba, piga dalili. Mwezi wa nne nilikuwa Sironko kwa mzee mmoja mwenye kahawa ya zamani, mizizi imetoka nje inaning'inia kama vidole, na kwenye shina kuna alama pale udongo ulipokuwa unafika zamani, chini ya hapo gome lina rangi nyingine kabisa. Mzee akaniambia, "Mwanangu, hii nilipanda na baba yangu, mizizi haikuwa inaonekana." Nikaweka rula kutoka ile alama mpaka udongo wa leo, sentimita 11, nikapiga picha moja ya rula na shina, nyingine ya mti mzima, na nyingine ya safu yote ili mtu asiseme nimechagua mti mmoja mbovu. Dalili nyingine ukitaka kuiona inabidi ulale chini kabisa, baada ya mvua kubwa tafuta vijiwe vidogo vilivyokaa juu ya vijiguzo vya udongo kama uyoga, jiwe limekinga udongo wa chini yake na pembeni matone yamechota kila kitu, urefu wa hicho kijiguzo ndio udongo ulioondoka. Ukipiga hiyo picha umesimama haionekani kitu.

Halafu kuna hii ya kwamba jua la saa sita ndio linatoa picha safi. Kwa maua labda, kwa udongo hapana. Jua likiwa utosini hakuna kivuli, na vile vijifereji vidogo vya kina cha vidole viwili vinapotea kabisa, picha inatoka kama sakafu. Njoo saa moja au saa mbili asubuhi, au subiri saa kumi na moja jioni, mwanga ukija kwa ubavu kila mfereji unajichora wenyewe.

Kuna wanaoamini kwamba mteremko ukionekana mkali zaidi wakubwa watasikia haraka, basi mtu anapinda simu kidogo, au anatumia ile lenzi pana ya 0.5 inayovuta pembe za picha. Mimi hapo sikubaliani kabisa. Mtu yeyote aliyewahi kupanda huku akiiona ile picha anaona nyumba imelala upande, na kuanzia hapo hata zile picha zako za kweli haziamini. Acha kwenye fremu kitu kilichosimama wima, ukuta wa nyumba au nguzo ya umeme, na kitu kinachojulikana ukubwa wake, jembe linatosha. Simu ya kawaida inatosha pia, watu wanangoja droni wakati droni hapa Uganda inahitaji kibali, na ukivuka tu upande wa pili wa bonde unaona kilima chote na matuta yake bila kurusha chochote.

Tukija kwenye kuzuia, dhana inayonisumbua sana ni ya matuta. Mtu anaona picha ya vilima vya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, pale juu ya Ziwa Bunyonyi, ngazi kwa ngazi mpaka kileleni, anasema hapa udongo umepona. Ni pazuri kweli na ni kazi ya vizazi, miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilikuwa inasimamia hiyo kazi kwa amri. Lakini shuka kwenye tuta lenyewe uangalie viazi. Upande wa chini, karibu na ukingo, vimekolea kijani, na upande wa juu wa tuta hilo hilo ni vifupi na vya njano, kwa sababu udongo mzuri umesogea ndani ya tuta ukarundikana chini. Na mkulima akijua hivyo anakwenda na jembe kuchimba ukingo wenyewe, kwani rutuba iko pale, simlaumu, ana watoto wa kulisha, ila ukingo unakonda mwaka hadi mwaka na siku moja mvua inaukata. Hiyo ndio picha ya kupiga, ukingo kwa karibu, kama una nyasi za mabingobingo au vetiva za kuushika au uko uchi.

Hata mitaro ya fanya juu, ambayo jina lake la Kiswahili limeenda dunia nzima hivyo hivyo bila kutafsiriwa, unachimba ukifuata kontua, yani mstari ulio usawa mmoja kwenye mteremko, na udongo unautupa upande wa juu, watu wanadhani ikishachimbwa kazi imeisha na picha ya vijana na majembe inatosha kwenye ripoti. Mtaro mkavu hauonyeshi kama umepimwa kwa ile fremu A ya miti na kamba yenye jiwe au kwa macho tu. Rudi baada ya mvua, kama maji yametulia sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho basi kontua ni ya kweli, kama yamekimbilia pembe moja kesho yatapasua hapo na utakuwa umejichimbia korongo jipya.

Miti nayo. Ati ukipanda miti mmomonyoko umekwisha. Ingia ndani ya shamba la mikaratusi lililofagiliwa majani yote ya kuni, angalia chini, ni udongo mtupu mgumu wenye vijifereji. Tone linalodondoka kutoka jani lililo mita kumi juu linafika chini karibu na kasi yake kamili, kinachozuia ni majani makavu na nyasi zilizofunika ardhi. Kwa hiyo picha ya msitu kwa mbali usiniletee peke yake, niletee na ya chini ya miti.

Na tafadhali tusichanganye maporomoko ya ardhi na mmomonyoko. Tarehe 1 mwezi wa 3 mwaka 2010 pale Nametsi, Bududa, kilima kiliteremka kikafunika kijiji, mamia ya watu wetu walipotea. Yale hayakuwa maji yanayochota juu juu, ni udongo uliolewa maji mpaka ndani ukashuka wote. Matuta hayashiki kitu kama hicho, na kwenye miteremko ya namna ile mtaro wa kuzuia maji unaweza hata kuongeza uzito. Ukipiga picha ya ufa ulioanza juu ya kilima usiiweke kwenye faili la mmomonyoko, ipeleke kwa mwenyekiti wa LC1, yani baraza la kijiji, siku hiyo hiyo.

Mwisho ni hii ya kuamini picha moja inathibitisha. Picha moja ni siku moja. Kule Machakos, Kenya, picha za 1937 za vilima vilivyokuwa vimechakaa zilirudiwa kutoka sehemu zile zile mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ingawa watu walikuwa wameongezeka sana, zikaonyesha matuta na miti mingi kuliko mwanzo. Huku Uganda nako, Kigezi, yani upande wa Kabale, njia ambazo Purseglove, ofisa wa kilimo, alizipita 1945 akipima ardhi inavyotumika zilipitiwa tena 1996, ikaonekana ardhi inayopumzishwa imeongezeka, kinyume kabisa na ilivyotabiriwa. Bila kurudi pale pale hakuna ambaye angejua. Basi chagua jiwe kubwa usiloweza kulihamisha, simama juu yake, andika tarehe na kitu kilicho katikati ya fremu, na urudi msimu ule ule, maana picha ya mwezi wa pili na ya mwezi wa tano hazilinganishwi, moja ni vumbi na nyingine kila kitu ni kijani.

Kwa yule mzee wa Sironko tumepaka mstari mweupe kwenye mashina sita ya kahawa, usawa wa udongo wa siku ile. Mikahawa mitatu tumeiwekea majani makavu na mstari wa mabingobingo upande wa juu, mitatu tumeiacha. Mwakani mwezi wa nne narudi na rula ile ile.